Picha yako imeibwa mtandaoni? Anza kwa kusoma jina la faili

Binamu yangu alinitumia tangazo la hoteli moja ya pwani: jahazi limetweka tanga, jua linazama nyuma yake, na maandishi ya rangi ya dhahabu yamepita katikati ya tanga. Picha ile niliipiga mwenyewe Shela, Lamu, maji yakiwa yamenifika magotini na kamera nimeinyanyua juu kama mtu anayevusha mtoto mtoni. Nilichokifanya kwanza kilikuwa cha kijinga. Nilikwenda kwenye kommenti nikawamiminia yote niliyokuwa nayo moyoni. Haikupita nusu saa tangazo likafutwa, na ushahidi wangu ukaenda nalo.

Tangu siku hiyo, wenzangu wa kamera wakinipigia simu na kuuliza wafanye nini wasiibiwe tena, nawajibu kwa swali: waliyoichukua ni nakala ipi? Picha moja ukiitoa kwenye kompyuta huzaa nakala nyingi. Kuna ya Instagram, ya WhatsApp ya mteja, ya tovuti, ya Google Drive, ya mashindano uliyoshiriki mwaka juzi ukasahau. Kila nakala ni mlango wake. Ukiweka komeo mlango wa mbele na mwizi anaingilia uani, umejisumbua bure na wageni wako umewafungia nje.

Basi nitakwenda dalili kwa dalili, jinsi ninavyozipokea kwenye simu.

Kabla hujagusa kitu

Usiandike kommenti. Usimtumie ujumbe. Piga picha ya skrini ya ukurasa mzima, anwani ya juu ionekane, saa na tarehe ya kompyuta zionekane. Ikiwa ni status itakayopotea baada ya saa 24, rekodi skrini kama video huku ukipitisha kidole kutoka jina la akaunti hadi kwenye picha. Kama ni tovuti ya kawaida, nenda web.archive.org, bandika anwani ile, uihifadhi. Nakala hiyo inakaa kwa mtu wa tatu, kwa hiyo hakuna wa kukuambia umeitengeneza kwa Photoshop. Kurasa za Instagram na Facebook hazihifadhiki vizuri huko. Hizo tegemea rekodi yako.

Kisha pakua picha yenyewe. Picha ya skrini inaonyesha kwamba wizi upo, lakini faili ndilo linalosema mwizi alipita wapi.

Kulisoma faili

Ukiwa kwenye kompyuta, bonyeza kulia juu ya picha uifungue peke yake kwenye kichupo kipya. Angalia jina lake, upana wake, halafu metadata, yaani maelezo yaliyofichwa ndani ya faili.

Jina la namna ya IMG-20230614-WA0012.jpg limetoka WhatsApp ya simu ya Android. Tarakimu za mwanzo ni tarehe, na WA ndiyo WhatsApp yenyewe. Vijana wa ofisini huipandisha tovutini hivyo hivyo, hata jina hawabadilishi. Ile hoteli iliyoniibia walifuta tangazo la Facebook lakini wakasahau kwamba picha ileile waliiweka kwenye tovuti yao, na jina lilikuwa la aina hii. Nikafungua simu, nikarudi hadi tarehe ile: nani nilimtumia jahazi siku hiyo? Wakala mmoja wa utalii aliyeniomba "sampuli mbili tatu, bwana, nimwonyeshe bosi". Bosi hakuwahi kunipigia. Sampuli zikasafiri.

Jina refu la tarakimu tupu linaloishia na _n.jpg ni la Facebook au Instagram. Kama jina limebadilishwa, fungua faili kwa ExifTool, programu ya bure. Picha iliyopitia Facebook mara nyingi hubeba ndani yake msimbo unaoanza na herufi FBMD. Mwizi haujui, na hata akiujua kwa kawaida hana hamu ya kuufuta.

Upana nao unasema. Pikseli 1080 ni kipimo kilichozoeleka cha Instagram, 2048 ni cha Facebook, na WhatsApp ya kawaida huibana picha hadi karibu 1600 upande mrefu. Ukikuta 6000 kwa 4000, hiyo ni picha nzima ya kamera ya megapikseli 24 na haikutoka mtandao wowote wa kijamii. Imetoka kwa mteja, kwenye Drive, au kwenye tovuti yako mwenyewe.

Na ikiwa jina limebadilishwa, metadata imefutwa, na upana umepunguzwa? Hapo ninao ujanja wangu, na ni wa bei rahisi. Kila ninayempa picha namkatia kingo tofauti kidogo. Ya Instagram nimeondoa ukanda mwembamba kushoto, ya wakala nimeondoa juu, ya gazeti chini. Jicho halioni. Lakini mtu akiipunguza, akiigeuza rangi, akiiandikia "Jumaa Mubarak" juu yake, ukingo unabaki vilevile. Naandika kwenye daftari nani kapewa ukingo gani. Daftari la karatasi kabisa. Mke wangu hulicheka.

Dalili: picha ni yako lakini logo haipo

Sababu ya kwanza ni mkasi. Logo ya pembeni hukatwa kwa sekunde mbili. Ya pili ni kifutio: siku hizi simu yenyewe inafuta kitu kwa kidole na kujaza pengo.

Wengi wakiona hivyo hukimbilia kuweka logo kubwa katikati ya uso wa bibi harusi. Usifanye. Unamfukuza mteja ili kumkera mwizi, na mwizi mwenyewe hakereki. Mwaka 2017 watafiti wa Google walionyesha kwamba nembo ileile ikirudiwa kwenye mamia ya picha, kompyuta inaweza kujifunza umbo lake na kuiondoa yenyewe, hata ikiwa katikati. Kilichoisumbua programu yao ni nembo iliyopindishwa kidogo, kwa namna tofauti, kwenye kila picha.

Mimi logo naichukulia kama kibao cha duka: inamwambia mtu mwema anipate wapi. Ifanye ndogo, isogeze kila picha mahali pake, na uiweke juu ya kitu chenye vurugu. Nakshi za mlango wa Mji wa Kale, majani ya mnazi, povu la wimbi, lesi ya shela. Juu ya anga tupu kifutio hujaza buluu na kazi imekwisha. Juu ya nakshi huacha uji.

Kinga ya kweli hapa ni ukubwa. Picha ya pikseli 1200 upande mrefu inapendeza kwenye simu, lakini ukiichapa kwa nukta 300 kwa inchi unapata sentimita kama 10, haifikii hata postikadi. Nakala kubwa usiiweke kamwe mahali pasipo mkataba. Kuhusu zile programu za kuzuia kubonyeza kulia, usipoteze muda wala pesa. Simu zote zina picha ya skrini.

Dalili: wanayo nakala kubwa kuliko uliyowahi kuionyesha

Hii inatisha zaidi, na mara nyingi mlango umeuacha wazi wewe mwenyewe.

Kama tovuti yako imejengwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, fungua picha yako moja uangalie anwani yake. Ikiishia na kitu kama -1024x683.jpg, futa hizo tarakimu na kistari chake, ubaki na .jpg, kisha bonyeza. Mara nyingi itakufungukia ile uliyoipandisha. WordPress hutengeneza nakala ndogo za kuonyesha, lakini kubwa haiitupi. Tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019 hupunguza zinazozidi pikseli 2560 na kuziandika -scaled, huku asili ikibaki palepale kwenye seva. Nimewaonyesha wenzangu watatu kwenye meza ya kahawa na wote watatu walinyamaza kwanza. Dawa ni kupunguza picha kwenye kompyuta kabla ya kuipandisha, na zile za zamani kuzifuta kwenye seva na kuzirudisha zikiwa ndogo. Ni kazi ya wikiendi nzima na haina raha.

Mlango wa pili ni linki ya Drive. Ulimpa bibi harusi linki ambayo yeyote akiipata anaingia. Yeye kampa dada yake, dada kampa mpambaji, mpambaji kampa MC, na MC kaiweka kwenye kundi la kamati lenye watu 140. Mwenye ukumbi naye yumo humo. Mwezi unaofuata picha yako ni tangazo la ukumbi. Wafungulie kwa anwani za barua pepe unazozijua, weka siku ya kuifunga, na watengee folda ya pili yenye nakala ndogo za kusambaza. Watu watasambaza tu, kwa hiyo wape wewe cha kusambaza, chenye jina lako.

Mlango wa tatu ni mteja mwenyewe, na hapa wapiga picha wa Kenya wakae vizuri. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, kazi iliyoagizwa na mtu huhesabiwa kwamba hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Maana yake ni kwamba kama ulipiga harusi au menyu ya mkahawa bila karatasi yoyote, huenda hujaibiwa chochote. Mwenye mkahawa akimpa picha zile mtengeneza mabango, anagawa mali ambayo sheria inaihesabu kuwa yake. Nimeona kijana akitumia miezi kumfuata mteja wa aina hiyo, na mwisho mwanasheria akamwuliza swali moja tu: mkataba uko wapi? Karatasi ya ukurasa mmoja inatosha. Hakimiliki inabaki kwa mpiga picha, mteja anaruhusiwa matumizi haya na haya, kwa muda huu. Mwenzangu wa Tanzania, wewe uko chini ya sheria nyingine, Na. 7 ya 1999, na Zanzibar nako kuna yake ya 2003. Andika karatasi ileile.

Dalili: kuna akaunti inayodai picha ni zake

Mwaka 2017 waandishi wa BBC Brasil walimfichua mtu aliyejiita Eduardo Martins, mpiga picha wa vita, kijana mzuri, wafuasi zaidi ya laki moja Instagram. Hakuwahi kuwapo. Picha zilikuwa za watu wengine, akiwamo Mmarekani Daniel C. Britt, na mwizi alikuwa akizigeuza kushoto kuwa kulia ili mashine za kutafuta zisizitambue. Mashirika makubwa ya habari yaliuziwa.

Kwa hiyo ukitafuta picha yako usipate kitu, igeuze kama kwenye kioo utafute tena. Kata kipande chenye umbo la kipekee, tafuta hicho. Google Lens hupenda kukuletea picha zinazofanana, mlango mwingine wa Lamu, jahazi jingine. TinEye hutafuta ileile tu, na ina kitufe cha kupanga kuanzia ya zamani zaidi, jambo linalosaidia sana mkibishana nani alitangulia. Yandex ina jicho kali kwa nyuso na mahali. Makundi ya WhatsApp na Facebook yaliyofungwa hakuna mashine inayoyaona. Huko unategemea binamu.

Ushahidi mzuri kuliko wote unao kabla hujaibiwa, nao ni sehemu ya picha uliyoikata. Kijana mmoja alikuwa akiuza chapa za mlango niliopiga Mji wa Kale, Mombasa, kwa fremu na yote. Nikampigia simu, akaapa kwa Mungu ni yake, alikwenda asubuhi na mapema, hata alininukulia saa. Nikamwambia, "Sawa kaka. Kushoto kwa mlango, pale picha inapoishia, kuna nini?" Akanyamaza. Kwenye faili langu la RAW, ile picha ghafi jinsi kamera ilivyoiona, kuna dumu la njano la maji lisilo na kifuniko na nyuma yake mkia wa paka. Sikuwahi kulionyesha dumu lile kwa mtu yeyote. Nikamtumia. Hakunijibu tena, na chapa ziliondoka dukani.

Weka basi RAW zako zote, pamoja na picha za kabla na za baada ya ile nzuri, hata zilizotoka ukungu. Mwizi anayo moja. Wewe unazo kumi na nne za asubuhi ileile. Na ingia kwenye menyu ya kamera leo, Canon na Nikon zote zina mahali pa kuandika jina la mwenye hakimiliki, liingie kwenye kila picha tangu inapozaliwa. WhatsApp na mitandao mingi huifuta metadata hiyo njiani, lakini RAW iliyoko kabatini haipitii WhatsApp.

Dalili: umeripoti, wamekukatalia

Mara nyingi ni fomu. Ukijaza ya "mtu anajifanya mimi" wakati yeye anatumia jina lake na picha zako, watakujibu kwamba hawaoni kosa. Mwenye jina na sura yako, ripoti kujifanya. Mwenye picha zako, ripoti hakimiliki. Mwenye vyote viwili, jaza fomu mbili.

Ya hakimiliki kwa kampuni za Marekani hufuata sheria yao ya 1998 iitwayo DMCA, na haihitaji uwe Mmarekani wala uwe umesajili picha popote. Inataka vitu vichache na ikikosa kimoja inarudi: jina na mawasiliano yako, kazi yako ni ipi, nakala ya wizi iko kwenye anwani ipi hasa, tamko kwamba unaamini kwa nia njema matumizi hayakuruhusiwa, tamko kwamba maelezo ni ya kweli na wewe ndiye mwenye haki, na sahihi. Kosa ninaloliona zaidi ni anwani. Watu huweka linki ya akaunti nzima. Weka linki ya kila chapisho, moja moja, hata zikiwa thelathini.

Jina na mawasiliano yako yanaweza kumfikia uliyemshtaki, na malalamiko yanayokwenda Google huweza kuwekwa hadharani kwenye hifadhi ya Lumen. Tumia barua pepe ya kazi, usiweke namba ya nyumbani. Na ujue kwamba Google ikiiondoa kwenye utafutaji wake, picha bado iko kwenye tovuti ya mwizi. Ili iondoke kabisa, tafuta anayeihifadhi tovuti ile kwa kutumia whois, orodha ya wazi ya usajili wa anwani za tovuti. Ukikuta ni Cloudflare, kampuni ya kulinda tovuti, yeye mara nyingi amesimama mbele tu ya seva halisi. Jaza fomu yake, ataifikisha kwa mwenye seva.

Mshtakiwa naye anaweza kupinga kwa maandishi. Akipinga, picha hurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi kama hukuonyesha kwamba umekwenda mahakamani. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, ingawa kusema kweli wezi wa kawaida hawapingi. Wanaogopa kuandika majina yao halisi.

Kama tovuti iko kwa mtoa huduma wa Kenya, marekebisho ya sheria ya 2019 yanampa saa 48 za kazi kuzuia picha baada ya kupata taarifa yako. Ofisi ya hakimiliki ya kuijua Kenya ni KECOBO; Tanzania Bara ni COSOTA, Zanzibar COSOZA. Picha inalindwa tangu unapobonyeza kitufe, bila usajili, kwa sababu nchi zetu zimo kwenye Mkataba wa Berne, Kenya tangu 1993 na Tanzania tangu 1994. Cheti cha usajili ni ushahidi tu, lakini mbele ya afisa anayependa muhuri, ushahidi wenye muhuri husikika haraka.

Dalili: tovuti yako imekuwa nzito na hujaongeza kitu

Angalia kumbukumbu za seva. Ukikuta picha yako inaombwa mara elfu kutoka tovuti usiyoijua, hawajainakili hata kidogo; wanaionyesha kutoka kwako na wewe unalipa bili. Cloudflare ina swichi ya kuzuia hilo, na kwenye seva ya Apache ni mistari michache ndani ya faili la mipangilio liitwalo .htaccess. Ziache Google na WhatsApp zipite, la sivyo hata linki zako mwenyewe zitatokea bila picha.

Lakini kabla ya kuwasha swichi hiyo kuna starehe ndogo. Faili liko kwako, kwa hiyo unaweza kulibadilisha jina na kuweka jingine mahali pake. Tangazo moja la nyumba za kupanga lilionyesha siku mbili punda wa Lamu akipiga mwayo, chini yake bei kwa usiku.

Dalili: gazeti limeandika "Picha: Mtandao"

Mtandao haupigi picha. Wakikwambia ukiposti imekuwa ya umma, watajie kesi ya Daniel Morel. Tarehe 12 Januari 2010 alikuwa Port-au-Prince tetemeko lilipopiga Haiti, akaweka picha zake Twitter kupitia TwitPic. Shirika la habari la AFP lilizisambaza, likazipitisha hadi Getty, wauzaji wa picha. Mwaka 2013 mahakama ya New York ilisema masharti ya Twitter hayakuwapa ruhusa hiyo, na baraza la wazee wa mahakama (jury) likaamua alipwe dola milioni 1.2.

Wewe hutapata milioni 1.2. Utapata ada yako kama ukiidai kwa adabu. Barua yangu haina vitisho: picha hii ni yangu, imetumika hapa, tangu tarehe hii, ada yangu ya matumizi kama haya ni kiasi hiki, ankara imeambatishwa, siku 14. Dai bei unayowatoza wateja wengine, na nyongeza ya kutumia bila ruhusa kama ulikwishaitangaza. Ukidai mara ishirini, mhasibu anaacha kukusoma anampa mwanasheria, na mwanasheria analipwa kwa kusubiri. Wakikubali kwa maandishi kulipa kisha wakapotea, deni limekuwa deni la kawaida. Muulize wakili kama linaingia Mahakama ya Madai Madogo ya Kenya, ambayo hupokea hadi shilingi milioni moja.

Kama ndani ya picha kuna mtu anayetambulika, kuna njia nyingine, lakini ni yake. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi milioni 1.85 kwa kuposti picha ya mteja bila idhini yake. Mtu uliyempiga anaweza kulalamika mwenyewe. Hakikisha tu kwamba wewe idhini yake unayo, maana sheria hiyo hukata pande zote mbili.

Dalili: umeletewa barua kwamba wewe ndiye mwizi

Barua pepe inatoka kwa "mpiga picha" mwenye hasira, anasema umeiba kazi yake, ushahidi uko kwenye linki. Ni mtego wa virusi uliozunguka dunia nzima, na unawanasa wapiga picha kwa sababu tunaogopa neno hilo kuliko wengine. Mwenye dai la kweli hukutajia ukurasa na picha ndani ya barua. Ifute.

Dalili: mashine ya akili bandia inatoa picha "za mtindo wako"

Nitasema kidogo, kwa kuwa kinga ni kidogo. Hifadhi ya LAION-5B ya mwaka 2022, ya kuzifundishia mashine hizo, ilikuwa na linki za picha zaidi ya bilioni tano zilizokusanywa mtandaoni. Ulichokiweka wazi kabla ya hapo kina nafasi nzuri ya kuwamo. Kwa vya sasa, andika kwenye robots.txt ya tovuti yako, faili la kuwaambia roboti wa mtandaoni waingie wapi, kuwakataza GPTBot wa OpenAI na Google-Extended wa Google. Wanaoheshimu wataheshimu. Instagram huna robots.txt, kwa hiyo ukubwa wa picha ndiyo silaha uliyobaki nayo.

Kuhusu ile hoteli: niliwatumia ankara ya shilingi 18,000 pamoja na jina la faili lao, tarehe yake, na kipande cha RAW chenye nahodha wa pili ambaye kwenye tangazo amekatwa. Meneja alinipigia, mzee wa watu, sauti ya upole: "Mwanangu, sisi tulipewa tu." Nikamwambia, "Najua, mzee, na aliyewapa namjua." Walilipa kwa M-Pesa siku ya nane. Jioni akapiga tena kuuliza kama ninayo kubwa zaidi ya ile, wanataka bango la njia panda. Nilimtumia mkataba kwanza.